Ndengu za Zombe Zilizoanikwa Emali

Nyumbani kwa Mzee Musa,
S.L.P. 418,
Kitui.

24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Zulekha,

Assalaam alaikum. Kabla sijajisemea mimi, nakuulizia wewe. Goti linaendeleaje? Ulipomwambia Nyanya kwamba ngazi za kazini kwenu huko Birmingham zinakutesa, alilichukua goti lako kama lake, na sasa hakuna dua anayoomba bila kulitaja. Nasikia pia huko mmekuwa na joto mwaka huu. Sisi Julai yetu ilikuwa ya baridi na mawingu mpaka watu wakawa wanaenda dukani na blanketi mabegani.

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Nyanya alitolewa ule mtoto wa jicho na anaona vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Kila asubuhi anatuonyesha vumbi kwenye rafu ambalo sisi wenye macho ya ujana hatukuwa tumeliona. Wajina wako, yule mtoto wa kaka Abubakar, ameanza kutambaa na anapenda kujificha chini ya meza ya kukatia vitambaa dukani. Baba anajifanya kukasirika.

Sasa nikupe habari zangu, maana najua ndizo unazosubiri. Wewe ndiwe uliyempigia Baba simu mwaka ule nilipomaliza sekondari na kumwambia kwamba mtoto akitaka kusomea sayansi ya chakula aachwe asome, duka litapata mtu mwingine. Kwa hiyo hii barua ni haki yako. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti, lakini nilitaka uisome polepole ukiwa umekaa.

Tangu Mei nimekuwa Emali kwa mafunzo ya kazini, yale tunayoyaita atachimenti, katika kampuni kubwa ya nafaka inaitwa Savana Nafaka. Ukiwa barabara ya Mombasa unayaona maghala yake meupe kutoka mbali. Wananunua ndengu, mbaazi na kunde kutoka Makueni na Kitui yote, wanasafisha, wanafunga na kuuza ng'ambo. Huenda hata zile ndengu unazonunua huko kwa Wahindi zilipitia mikononi mwangu.

Baba hakutaka. Alisema Emali ni mji wa malori na msichana hana la kufanya pale. Alikubali tu baada ya kuongea kwa simu na Mama Mbithe, mwenye ploti nilikopanga chumba. Mama Mbithe ni shemasi katika kanisa moja la pale na ni mjane. Siku niliyofika nilimkuta ameninunulia sufuria mpya na kisu kipya, bado na karatasi ya dukani. Akaniambia, "Sijui sheria zenu zote, mwanangu, lakini hizi hazijaguswa na nyama yoyote. Utanifundisha." Nilipompa Baba habari hiyo aliuliza kama huyo mama anapenda leso za rangi gani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye idara ya ubora. Lori likifika getini, nachukua bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, nadunga magunia ya juu, ya kati na ya chini, natoa nafaka kidogo kila mahali, kisha naziweka kwenye kipima unyevu. Nafaka ikiwa na maji kupita kiwango, lori linarudi. Haijalishi limetoka wapi wala dereva anasema nini. Bosi wangu, Bwana Kitonga, hana mchezo na hilo. Ni mtu mrefu, mkimya, kalamu mbili mfukoni siku zote. Wiki zangu za kwanza hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "mwanafunzi".

Niliipenda kazi, Shangazi. Sikutegemea. Darasani unyevu ni neno tu la kuandika kwenye mtihani. Pale Emali nilijifunza kuung'ata. Wafanyakazi wa zamani wanaweka ndengu kati ya meno, na mlio wake unawaambia kabla ya mashine. Mimi bado nakosea, lakini si kila mara.

Sasa ikafika Ijumaa moja katikati ya Julai. Lori liliingia kutoka Zombe, limejaa, na nyuma ya dereva wamekaa wanawake watatu. Mkubwa wao alikuwa Mama Kavata, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa huko. Walikuwa wamepitia Kitui, wakateremka Kibwezi na kupanda tena mpaka kwetu, safari ya siku nzima. Waliposikia naongea Kikamba wakafurahi. Mama Kavata aliniangalia buibui langu na koti jeupe juu yake, akacheka, akauliza mimi ni wa akina nani. Nikamwambia ni wa Mzee Musa wa duka la vitambaa Kitui. Akasema alinunua pale kitambaa cha sare ya kwaya.

Nikadunga magunia. Nikapima. Zilikuwa mbichi.

Nikapima tena. Nikatoa nafaka upande mwingine wa lori, nikapanguza mashine, nikapima mara nyingine. Nakuambia ukweli, nilikuwa nataka mashine iwe imeharibika. Haikuwa imeharibika. Nikaing'ata moja, ikabonyea kwenye jino bila mlio.

Bwana Kitonga alitazama namba, akasema, "Zirudi," akaendelea na simu yake. Na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza nao tangu walipofika, mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia.

Mama Kavata hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu, "Sasa unatuambia turudi nazo Zombe?" Nikasema ndiyo, Mama. Akasema, "Zikikaa ndani ya lori siku nyingine, zitaingia uvundo. Hizo ni za nyumba arobaini." Kisha akanieleza. Walikuwa wamepanga kuzianika wiki moja zaidi. Lakini mtu wa kampuni aliwapigia simu akawaambia lori linakuja mapema, na wasipopakia siku hiyo hawatapata lingine. Wakapura haraka, wakapakia.

Nilimtafuta Nthiwa, yule kijana wa kampuni anayezunguka vijijini kuongea na wakulima. Nikamuuliza kama ni kweli. Akakuna kichwa. Akasema ni kweli, lori lilikuwa linahitajika kwingine wiki iliyofuata, ofisi ikamwambia asogeze tarehe. "Sikufikiria kama hazijakauka," akasema. Hakuwa na ubaya, Shangazi. Alikuwa amechoka tu, kama wote.

Niliporudi getini nilimkuta Ben. Huyo ni dalali, anashinda kwenye barabara kati ya Salama na Emali akingoja malori yaliyokataliwa. Alikuwa ameshaegemea lori. "Mama, msihangaike," alikuwa anawaambia. "Mzigo nauchukua hapa hapa, mnaenda nyumbani na kitu mkononi." Bei aliyotaja ilikuwa matusi. Lakini mmoja wa wale akina mama alikuwa anamwangalia Mama Kavata kwa macho ya kusema tukubali. Nikamwomba Mama Kavata anipe dakika chache tu, asimjibu Ben. Sikujua naenda kusema nini.

Nilipiga hodi kwa Bwana Kitonga. Nikamwambia uwanja wa nyuma, ule wa saruji yanakoegeshwa malori, utakuwa mtupu mpaka Jumatatu. Nikamwomba wale akina mama waruhusiwe kuzianika pale.

"Wewe ni mwanafunzi," akasema. "Kazi yako ni kupima na kuandika. Nikiruhusu lori moja leo, kesho nitakuwa na kumi nje ya geti."

Sijui nilitoa wapi ulimi. Nikasema, "Wakija kumi kwa sababu sisi ndio tuliowaita mapema, basi hao kumi ni wetu, Bwana Kitonga."

Aliweka simu chini. Akaniuliza nina maana gani. Nikamweleza ya tarehe. Akamwita Nthiwa, Nthiwa akasema ndivyo ilivyokuwa, hakuficha. Bwana Kitonga akaenda dirishani akautazama ule uwanja.

Mwishowe akasema, "Mpaka Jumatatu asubuhi. Nitapima mwenyewe. Wewe ndiye utasimamia, na chochote kitakachoharibika kwenye huo uwanja kitaandikwa kwenye ripoti yako ya chuo. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri. Ripoti mbaya ingenifanya nirudie atachimenti, na kurudia ingekuwa mwaka mwingine chuoni. Na Baba angesema nini? Nikasema nimeelewa.

Ben aliponiona natoka nikitabasamu aliondoka bila kuaga.

Lakini uwanja peke yake haukutosha. Ndengu haziwekwi kwenye saruji yenye mafuta ya malori, na maturubai yote ya kampuni yalikuwa yamefunika mizigo mingine. Nilimpigia Mama Mbithe. Kabla sijamaliza kueleza akasema kanisa lina turubai la hema kubwa na yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Nikaenda msikitini baada ya Alasiri, nikamwona mzee anayetunza vitu vya msikiti, nikamwomba yale maturubai tunayotandika nje siku ya Idi. Aliniuliza maswali mengi, kisha akayabeba mwenyewe kwenye mkokoteni akanifuata. Jioni ile kijani cha ndengu kilitandaa uwanja mzima, upande mmoja turubai la kanisa, upande mwingine la msikiti, na Mama Kavata katikati, viatu mkononi, akizisambaza kwa miguu.

Jumamosi ilikuwa mbaya. Asubuhi kulikuwa na ukungu, halafu manyunyu. Tukakimbia kukunja maturubai juu ya ndengu, mimi na wale akina mama na askari wa geti. Tukakaa tukiangalia mawingu mpaka adhuhuri imepita. Mmoja wa akina mama akaanza kulia kimyakimya. Nilitaka kulia pia lakini niliona haya, maana mimi ndiye niliyewazuia wasimuuzie Ben. Kama jua lisingetoka, ningekuwa nimewanyima hata kile kidogo.

Na ndipo Baba akapiga simu. Mtu wa Kitui alikuwa amepita Emali akaniona nafagia nafaka uwanjani, na habari ikafika dukani kabla ya chai. Baba akasema, "Mimi sikukupeleka chuo kikuu ukapepete ndengu za watu. Kama wanakutumikisha, rudi nyumbani kesho." Nikamwambia hawanitumikishi, nimejitumikisha mwenyewe. Nikamweleza yote haraka haraka. Nikamsikia akimwambia mteja angoje kidogo. Kisha akasema, "Na zisipokauka?" Nikasema sijui, Baba. Lakini siwezi kuondoka. Akakata simu bila kusema ndiyo wala hapana. Unamjua kaka yako.

Jumapili Mama Mbithe alisimama kanisani wakati wa matangazo akaomba watu. Sikuwepo, lakini niliona matokeo: walikuja bado wamevaa nguo za ibada, akina mama, vijana wa kwaya, mpaka mchungaji. Nthiwa alikuja na reki alizoazima shambani kwa shemeji yake. Na jua lilitoka, Shangazi. Si kali, lile jua la Julai lenye aibu, lakini lilikuwa na upepo mkavu nyuma yake, na upepo ndio ulitusaidia zaidi. Tukawa tunageuza mistari mchana kutwa, huku na huku. Mtu akichoka mwingine anachukua reki. Mama Kavata aliimba na kwaya ikaitikia. Mimi wimbo ule siujui, lakini reki yangu ilienda nao.

Jioni nikang'ata moja. Ikalia tak.

Jumatatu, ndengu zikiwa tayari zimerudishwa kwenye magunia, Bwana Kitonga alikuja mapema kuliko siku zote. Hakunipa bambo, alilishika mwenyewe. Alidunga gunia baada ya gunia, akapima, akaandika, uso wake hausemi kitu. Mwishowe akasema zimekubaliwa, isipokuwa magunia machache tuliyoyaanika pembeni, yaliyokuwa yamekaa katikati ya lori, ambayo uvundo ulikuwa umeyaanza kabla hata hatujayashusha. Hayo akayaweka kando. Nikajaribu kuyatetea. Mama Kavata akanishika mkono akasema, "Wacha, mwanangu. Hizo hata sisi hatuwezi kumpa mtu ale." Bwana Kitonga alimtazama, akamwomba msamaha kwa ajili ya ile simu ya kuwaharakisha. Mbele ya watu wote, Shangazi. Nthiwa aliangalia viatu vyake.

Mimi nikaenda chooni nikalia mpaka koti jeupe likalowa. Kisha nikanawa uso, nikarudi getini, maana kulikuwa na lori la mbaazi linangoja.

Tangu siku hiyo Bwana Kitonga ananiita Mwanahamisi. Mwalimu wangu wa chuo alipokuja kunikagua mwezi huu, walikaa ofisini mlango umefungwa, nikawa nawaza Bwana Kitonga ameandika nini. Mwalimu alitoka akanipa mkono. Akaniambia kampuni imeamua kila kikundi kikubwa cha wakulima kipewe kipima unyevu chake, wapime kabla ya kupakia, na lori lisitoke mpaka wao waseme tayari. Wataanzia Zombe. Nani aende kuwafundisha? Wakanituma mimi.

Kwa hiyo wiki yangu ya mwisho ya atachimenti nilikuwa Zombe, nikilala kwa Mama Kavata. Tulipimia chini ya paa la soko, nikawafundisha kutunza mashine isipate vumbi, kubadilisha betri, kusoma namba. Mzee mmoja alikataa kuiamini mashine mpaka aliposhindana nayo kwa meno yake. Alishinda mara moja, akashindwa mara mbili, akanunulia kila mtu soda. Mama Kavata ameshika haraka kuliko wanafunzi wenzangu wengi. Bwana Kitonga ameniambia nikimaliza chuo mwakani nimpigie kabla sijampigia mtu mwingine. Si barua ya kazi, na sitaki kujidanganya. Lakini ni neno lake, na sijamsikia akitoa neno akalirudisha.

Siku ya kuondoka nilitegemea kupanda gari la abiria mpaka Kitui. Nikaona pikapu ya duka inaingia sokoni, Baba mwenyewe kwenye usukani. Hakuwa ameniambia. Alisema alikuwa na mzigo wa kuleta upande huu, lakini nyuma ya gari hakukuwa na kitu isipokuwa bunda la leso, nusu za Mama Mbithe na nusu za Mama Kavata.

Wakaanza kumsalimu. Wewe unajua huku kwetu tangu siku aliyozaliwa kaka, Baba ni Baba Abubakar. Msikitini, dukani, hata mama yetu anamwita hivyo. Mimi sijawahi kusikia akiitwa baba wa mtoto mwingine. Lakini Zombe hakuna anayemjua Abubakar. Mama Kavata alimpokea kwa mikono miwili na kusema kwa sauti ya soko zima, "Karibu, Baba Mwanahamisi! Nĩ mũvea mũno, asante sana kwa huyu mtoto." Na wale wengine wakaja nyuma yake, shikamoo Baba Mwanahamisi, kaa hapa Baba Mwanahamisi, leteeni Baba Mwanahamisi chai.

Nilimwangalia nione kama atawasahihisha. Hakuwasahihisha. Alikaa kwenye kile kiti, akanywa chai, akaitika kila walipomwita. Kisha akaniambia, kama mtu anayeuliza bei ya kitambaa, "Hebu lete hiyo mashine yenu, unionyeshe inavyofanya kazi."

Nikamwonyesha, Shangazi. Nikamwonyesha kila kitu.

Nyanya anakusalimu na anasema goti upake mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, usilale bila kulifunga. Mama anakusalimu, kaka Abubakar na mkewe pia, na wajina wako anakusalimu kwa namna yake ya kuvuta ndevu za kila anayembeba. Mama Mbithe, ambaye hujamwona, ameomba nikutajie jina lake. Maulidi imekaribia, na tutakutia kwenye dua zetu wote. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie kazi, na akurudishe kwetu salama ukanywe chai ya maziwa ya mbuzi uliyoiacha.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Mwanahamisi